Saratani ya Tezi Dume: Jinsi Madaktari Walivyojifunza Kuitibu

Twatumaini mmekwisha kuketi, taa imewashwa, na daftari zenu zi tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali isogeze redio, ili hata wazee waliokaa nyuma wapate kusikia.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya vita, wala ya wafalme. Ni historia ya ugonjwa mmoja unaowapata wanaume, na jinsi madaktari walivyohangaika kwa zaidi ya miaka mia kutafuta njia za kuutibu. Ugonjwa huo ni saratani ya tezi dume. Wengine husema kansa ya tezi dume. Ni jambo lile lile.

Huenda mzee mmoja hapo darasani anainamisha kichwa na kusema moyoni, "Je, mambo haya ya chini ya kitovu yasemwe mbele ya wake zetu?" Swali lake ni la haki, na adabu ni jambo jema. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tena mume akiugua, ni nani amwuguzaye? Ni mkewe, na watoto wake. Basi tutasema kwa adabu, lakini tutasema.

Maneno ya somo

Kabla ya kuanza safari, tujue maneno manne. Mwalimu atayaandika ubaoni.

Neno la kwanza ni tezi dume. Hiki ni kiungo kidogo alicho nacho kila mwanamume, na mwanamke hana. Kwa kijana, ukubwa wake ni kama ndimu ndogo. Kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, nacho kimeuzunguka mfereji wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutoa sehemu ya maji yanayochukua mbegu za uzazi.

Neno la pili ni korodani. Hizi ndizo tezi mbili zinazotengeneza mbegu za uzazi.

Neno la tatu ni homoni. Homoni ni tarishi wa mwili. Hutoka katika tezi moja, huchukuliwa na damu, na hupeleka amri mahali pengine. Korodani hutoa homoni ya kiume. Homoni hiyo ndiyo inayomfanya kijana aote ndevu na sauti yake iwe nzito.

Neno la nne ni saratani. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Kila chembe ina kazi yake na mpaka wake. Saratani ni chembe zilizoacha kutii. Huongezeka bila mpango, huvamia jirani zao, kisha husafiri na kufanya makao mahali pengine. Saratani ya tezi dume hupenda sana kwenda katika mifupa, hasa ya mgongo na nyonga.

Lakini angalieni: si kila tezi iliyovimba ina saratani. Wanaume wengi wakizeeka tezi yao hukua, mkojo ukatoka kwa shida, na usiku wakaamka mara nyingi. Aghalabu huo ni uvimbe wa uzee tu. Daktari ndiye awezaye kupambanua, naye hupambanua kwa vipimo, si kwa kukisia.

Sasa chukueni penseli. Juu ya ukurasa andikeni swali moja, maana litatufuata katika somo lote: Tiba hii inampa mgonjwa nini, nayo inamdai nini?

Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa nadra

Tuanze Uingereza, mwaka 1853. Katika Hospitali ya London alikuwapo mpasuaji aitwaye John Adams. Bwana Adams alieleza habari za mgonjwa ambaye tezi yake ilikuwa ngumu isivyo kawaida. Nyama ya tezi ile ilitazamwa kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, ikaonekana kuwa ina saratani. Adams aliandika kwamba huo ni ugonjwa wa nadra sana.

Je, alikosea? Kwa macho ya wakati wake hakukosea. Siku zile watu wengi walikufa kwa kipindupindu, kifua kikuu na ndui kabla ya kufika uzee, na saratani hii ni ugonjwa wa watu wazima, hasa wazee. Tena daktari alipokuta tezi imekua, alidhani ni uzee tu, wala hakuitazama kwa hadubini. Kitu kisichotafutwa hakionekani. Leo twajua kwamba saratani hii ni mojawapo ya saratani zinazowapata wanaume wengi kupita zote duniani.

Kisu cha Baltimore

Ikapita miaka hamsini na moja. Tarehe 7 Aprili 1904, katika hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, Marekani, kijana wa miaka 33 alishika kisu. Jina lake Hugh Hampton Young. Aliyesimama kumsaidia alikuwa mwalimu wake, William Halsted, mpasuaji mwenye sifa kubwa kwa kutibu saratani ya matiti. Siku ile mwanafunzi aliongoza, na mwalimu akashika vyombo.

Halsted alifundisha kwamba saratani haifai kukwanguliwa. Yapasa kuondolewa yote pamoja na nyama iliyo kandokando, kama mkulima ang'oavyo kisiki na mizizi yake. Young alifanya hivyo kwa tezi dume. Alipitia msamba, yaani mahali palipo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Aliitoa tezi nzima pamoja na ganda lake, kisha akakishona kibofu na mfereji wa mkojo ili viungane tena.

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kwanza ya kuweza kumponya kabisa mtu mwenye saratani hii, kama haijatoka nje ya tezi. Tuulize swali letu. Ilimpa nini? Ilimpa nafasi ya kupona. Ilimdai nini? Ilimdai mengi. Wengi hawakuweza tena kuzuia mkojo vizuri, na karibu wote walipoteza nguvu za kiume. Tena wagonjwa wengi walifika wamechelewa, saratani imekwisha kwenda mifupani, na hapo kisu hakikuwa na kazi.

Baadaye njia nyingine ya kisu ilipatikana. Mwaka 1945 Terence Millin, Mwairishi aliyefanya kazi London, alionyesha namna ya kuifikia tezi kwa mbele, chini ya kitovu, nyuma ya mfupa wa kinena. Daktari aliweza kuona vizuri zaidi anapokata. Lakini kwa aliyechelewa, shida ilikuwa ile ile.

Mbwa wa Chicago

Sasa twende Chicago, katika mwaka wa 1940. Katika chuo kikuu cha mji huo alikuwapo mpasuaji Charles Huggins, aliyezaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1901. Huggins alikuwa akichunguza maji yanayotolewa na tezi dume, na kwa kazi hiyo alitumia mbwa. Mbwa wazee, kama wanadamu wazee, huweza kupata uvimbe wa tezi dume.

Mwanzoni mbwa wenye uvimbe walimkera, maana waliharibu hesabu zake. Lakini mtu mwenye akili hupata somo hata katika lile linalomkera. Alipowaondolea mbwa hao korodani, uvimbe ulinywea. Huggins akajiuliza: ikiwa tezi hii huishi kwa homoni ya kiume, je, saratani ya tezi hii haishi kwa chakula hicho hicho?

Akawajaribia wanaume ambao madaktari walikuwa hawana la kuwafanyia tena. Saratani yao ilikuwa mifupani, na wengi waliteswa na maumivu makali. Pamoja na wenzake, akiwamo Clarence Hodges, aliwaondolea korodani wagonjwa 21. Kisha walipima damu. Mwaka 1938 Alexander na Ethel Gutman wa New York walikuwa wameonyesha kwamba saratani ya tezi dume ikiingia mifupani, kitu fulani huzidi katika damu. Huggins akakitumia kitu hicho kama mizani. Kikipungua, saratani inanyong'onyea. Kikizidi, saratani inakua.

Habari zao zilichapishwa mwaka 1941. Wako waliokuwa hawawezi kulala kwa maumivu, na baada ya siku chache maumivu yakatulia, wakala, wakaongeza uzito. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba saratani ni mwasi asiyemtegemea mtu. Huggins alionyesha kwamba mwasi naye hula, na njaa humlegeza. Mwaka 1966, miaka 25 baadaye, alipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu, akashiriki heshima hiyo na Peyton Rous.

Je, tiba hii ilidai nini? Mwanamume aliyeondolewa korodani hawezi kuzaa tena. Hamu na nguvu za kiume hupungua au huondoka. Joto humpanda ghafla, jasho likamtoka, na baada ya muda mifupa yake hudhoofika. Na liko jambo kubwa zaidi: tiba hii haiponyi kabisa. Aghalabu baada ya miaka michache saratani hujifunza kuishi kwa chakula kidogo, ikaamka tena. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa akilia kwa maumivu usiku kucha, miaka ya utulivu si kitu kidogo.

Kidonge cha bei nafuu

Mwaka 1938 Charles Dodds na wenzake huko Uingereza walitengeneza dawa iitwayo stilbestroli, inayofanya kazi kama homoni ya kike. Dodds na wenzake hawakuidai kuwa mali yao peke yao. Kwa hiyo viwanda vingi viliitengeneza, na bei yake ikawa ndogo. Huggins alionyesha kwamba homoni ya namna hii huizima homoni ya kiume. Basi mgonjwa akawa na hiari: kisu, au kidonge.

Kwa miaka mingi vidonge vilitolewa kwa wingi. Lakini madaktari wa hospitali za askari wastaafu wa Marekani waliazimia kupima. Tangu mwaka 1960 waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: hawa tiba hii, wale tiba ile, na wengine kidonge kisicho na dawa. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 2,000. Mwaka 1967 walitangaza walichokiona. Waliopewa miligramu 5 za stilbestroli kila siku walikufa wachache kwa saratani, lakini walikufa wengi kwa magonjwa ya moyo na ya mishipa ya damu. Dawa ilimfukuza chui mlangoni, ikamwingiza nyoka dirishani.

Hapa pana fundisho kubwa, wanafunzi. Madaktari walikuwa watu wema, na dawa ilikuwa inapunguza saratani kweli. Lakini bila kuhesabu watu wote, waliokufa na waliopona, wasingaliona hatari. Dawa haihukumiwi kwa sifa zake. Huhukumiwa kwa hesabu.

Njia nyingine ikapatikana baadaye. Mwaka 1971 Andrew Schally na wenzake, huko New Orleans, walifumbua umbo la homoni ya ubongo inayoanzisha amri ya kuziambia korodani zifanye kazi. Wanasayansi wakatengeneza dawa inayofanana nayo. Mgonjwa akichomwa sindano hii, amri hupigwa mfululizo bila kukoma. Je, ngoma ya mbiu ikilia usiku na mchana, watu wataendelea kuitika? Mwanzoni huja mbio. Halafu huchoka, wakanyamaza. Ndivyo korodani zinavyonyamaza bila kukatwa. Schally alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, na sindano hizi zilianza kutumika katika miaka ya 1980. Faida yake ni kwamba mtu hakatwi. Dai lake ni fedha: sindano hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au miezi kadhaa.

Mionzi

Sasa turudi nyuma kidogo tufuate njia ya mionzi. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie, mjini Paris, waligundua radiumu, madini yanayotoa mionzi yenyewe. Katika miaka ya 1910 madaktari wa Paris na New York walijaribu kuiweka radiumu karibu na tezi dume au ndani yake. Saratani ilipungua kwa baadhi ya wagonjwa, lakini kibofu na utumbo viliungua pia. Eksirei za zamani nazo zilikuwa dhaifu. Ziliunguza ngozi kabla ya kufika ndani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilikuja mashine zenye nguvu. Katika chuo kikuu cha Stanford, California, Malcolm Bagshaw alianza mwaka 1956 kuwatibu wagonjwa wa tezi dume kwa mashine ya namna hiyo. Mionzi yake ilipita ngozi na kufika chini kabisa. Akaonyesha kwamba mtu ambaye saratani yake haijasafiri huweza kupona bila kukatwa. Baadaye kompyuta zilisaidia kulenga vizuri zaidi. Mwaka 1983 Hans Henrik Holm na wenzake wa Denmark walieleza jinsi ya kupenyeza mbegu ndogo za mionzi ndani ya tezi, wakiziongoza kwa mashine ya kupigia picha kwa sauti.

Dai la mionzi ni nini? Huweza kuudhi kibofu na njia ya haja kubwa, na nguvu za kiume huweza kupungua polepole.

Mishipa ambayo hakuna aliyeiona

Kwa miaka karibu themanini watu waliamini kwamba mtu akitolewa tezi dume hana budi kupoteza nguvu za kiume. Mwaka 1981 Patrick Walsh, mpasuaji wa hospitali ile ile ya Johns Hopkins, alikwenda Leiden, Uholanzi. Huko alikutana na profesa mstaafu, Pieter Donker. Mzee huyu alikuwa akichunguza miili ya watoto waliozaliwa wafu, ambamo mishipa ya fahamu huonekana wazi zaidi kuliko kwa watu wazima.

Wawili hawa waliifuata mishipa inayoongoza nguvu za kiume, wakaona jambo la ajabu. Haikupita ndani ya tezi hata kidogo. Ilipita kando yake, upande huu na upande huu. Kumbe wapasuaji walikuwa wakiikata kwa kutojua! Tarehe 26 Aprili 1982 Walsh alimpasua mtu wa miaka 52, akaitoa tezi na kuiacha mishipa. Mtu yule alipona, na nguvu zake zikamrudia.

Njia hii haifai kwa kila mtu. Saratani ikiwa imegusa mishipa, lazima ikatwe nayo; na kwa wazee nguvu huenda zisirudi zote. Lakini jueni kwamba hapakuwa na kisu kipya wala dawa mpya siku ile. Kilichopatikana ni ujuzi tu. Kuanzia mwaka 2000 wapasuaji wengine hutumia mashine yenye mikono midogo, daktari akiiongoza kwa kuketi kando. Hata hivyo, mkono wa mashine hufuata akili ya mwenye kuiongoza.

Kipimo cha damu, na hekima ya kungoja

Mwaka 1979 watafiti wa taasisi ya Roswell Park, mjini Buffalo, Marekani, walitenga kitu kinachotoka katika tezi dume. Kitu hicho huitwa PSA. Hupatikana katika damu, na mara nyingi huzidi mtu akiwa na saratani. Mwaka 1986 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo hicho kitumike kuwafuatia wagonjwa, na mwaka 1994 kitumike kusaidia kuutafuta ugonjwa.

Sasa saratani ikaanza kuonekana mapema, hata kwa mtu asiyesikia maumivu. Twaweza kusema, "Alhamdulillahi, tatizo limekwisha." Lakini likaja tatizo jipya. PSA huzidi pia kwa uvimbe wa uzee au kwa uambukizo. Na hata pale palipo na saratani, si kila saratani ni kali.

Jambo hili lilikuwa limejulikana zamani. Mwaka 1935 Arnold Rich wa Baltimore alichunguza maiti za wanaume waliopita miaka 50, waliokufa kwa sababu mbalimbali. Kama 14 katika kila 100 walikuwa na saratani ndogo katika tezi, na wengi hawakujua. Walikufa nayo, hawakufa kwayo. Mwaka 1966 Donald Gleason wa Minneapolis alieleza namna ya kuzipanga saratani hizi kwa daraja, kwa kuangalia sura ya chembe zake katika hadubini. Nyingine hutambaa kama kobe, nyingine hukimbia kama swala.

Je, ni haki kumkata mtu kwa sababu ya kobe, kisha abaki akivuja mkojo maisha yake yote? Mwaka 1995 Laurence Klotz wa Toronto, Kanada, alianza kuwafuata wagonjwa wenye saratani pole bila kuwakata. Walipimwa mara kwa mara, na waliobadilika ndio waliotibiwa. Kungoja huku si kulala. Ni kama mlinzi wa shamba: hapigi mishale ovyo, lakini hafumbi macho.

Uingereza ikapima jambo hili kwa hesabu. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2009 wanaume 1,643 wa umri wa miaka 50 hadi 69, ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, waligawanywa mafungu matatu: upasuaji, mionzi, na kufuatiliwa. Mwaka 2023 matokeo ya miaka 15 yalitangazwa. Waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45 tu: 12 waliopangiwa upasuaji, 16 waliopangiwa mionzi, na 17 waliopangiwa kufuatiliwa. Tofauti ilikuwa ndogo mno.

Lakini tusome hesabu yote. Katika fungu la kufuatiliwa, saratani ilisafiri mbali kwa watu kama 9 katika kila 100. Katika mafungu mengine ilikuwa kama 5. Na wengi wa waliofuatiliwa walitibiwa baadaye. Tena karibu wote walikuwa Wazungu, nasi twajua kwamba wanaume weusi hupata ugonjwa huu zaidi. Katika Uingereza mwanamume mmoja katika kila wanane hupata saratani hii maishani mwake. Kwa wanaume weusi wa nchi hiyo ni mmoja katika kila wanne. Basi kungoja ni tiba ya mtu aliyepimwa vizuri na anayerudi kupimwa. Mtu anayekaa nyumbani bila kupimwa hangoji, anajificha.

Dawa za siku hizi

Na yule ambaye saratani yake imeamka tena baada ya kuzimiwa homoni? Kwa miaka mingi alipewa dawa za maumivu tu. Mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba dawa iitwayo dosetakseli, inayotiwa katika mshipa wa damu, humwongezea siku za kuishi. Halafu ikajulikana kwamba saratani huiba chakula: hupata homoni kidogo kutoka tezi zilizo juu ya figo, hata hujitengenezea yenyewe. Kwa hiyo dawa ya abirateroni, iliyobuniwa London, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, na enzalutamidi mwaka 2012. Ya kwanza huziba jiko la homoni. Ya pili hufunga mlango wa chembe ili homoni isiingie. Hizi zote zimejengwa juu ya msingi alioweka Huggins na mbwa wake.

Na kwetu Afrika Mashariki je? Katika Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ndani ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890. Wagonjwa hupewa mionzi huko. Na njia ya Huggins ya mwaka 1941, ya kuondoa korodani, bado hutumika sana katika nchi zetu. Hufanywa mara moja, haihitaji kurudi kununua sindano, na humfaa mtu wa mbali asiye na fedha. Wengi wa wagonjwa wetu bado hufika wamechelewa, kama wale wa Baltimore mwaka 1904. Hapo njia nyingi zilizoelezwa leo huwa zimekwisha kufungwa.

Muhtasari

Andikeni sasa. Saratani iliyo ndani ya tezi, tena pole, huweza kufuatiliwa. Iliyo ndani ya tezi lakini kali zaidi, hutibiwa kwa upasuaji au mionzi, na pengine homoni huongezwa. Iliyosafiri hutibiwa kwa kuzima homoni, kwa sindano au kwa kisu, pamoja na dawa nyingine. Mara nyingi haiponi kabisa, lakini mtu huweza kuishi miaka na kutulizwa maumivu.

Yupi anayechagua? Daktari hueleza, lakini mwenye mwili ndiye mwenye kuamua. Mzee wa miaka 80 na baba wa miaka 50 huenda wasichague sawa, na wote wawili wakawa wamechagua vema. Mwulize daktari wako: Imefika wapi? Ni kobe au ni swala? Nikitibiwa, nitapata nini? Nitadaiwa nini? Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa heshima.

Mwanamume aliyefika miaka 50, au miaka 45 kama baba yake au ndugu yake aliugua, na azungumze na daktari hata kama hasikii kitu. Na akiona damu katika mkojo, au mkojo unazuilika, au mgongo unauma bila kukoma, asingoje.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini John Adams alidhani ugonjwa huu ni wa nadra?
2. Mbwa wa Chicago walimfundisha nini Bwana Huggins?
3. Stilbestroli ilipunguza saratani. Kwa nini basi ilikuwa na hatari?
4. Kuna tofauti gani kati ya kungoja na kujificha?
5. Wanaume wajadiliane wao kwa wao, na wanawake wao kwa wao: ni jambo gani linalowazuia wanaume wa hapa kwenda kupimwa? Kisha mkutane na kuambiana.

Somo letu limekwisha. Mwalimu, usizime redio mpaka wamemaliza kuandika. Na wewe mzee uliyeinamisha kichwa mwanzoni, tunakushukuru kwa kuvumilia mpaka mwisho. Ukifika nyumbani, mwulize ndugu yako kama amekwisha kupimwa, naye akuulize wewe. Kwaherini mpaka somo lijalo.